Uzito wa Maji

Walimu wenzetu, sisi tunaofundisha Kiswahili katika shule za Kampala tumezoea, karibu kila mwaka, kuwapa wanafunzi wetu insha yenye kichwa "Umuhimu wa Maji". Ni kichwa chepesi, au ndivyo tulivyodhani. Mwanafunzi wa kidato cha pili anao msamiati wa kutosha: mvua, mto, ziwa, kiu, kilimo, usafi. Na mwalimu aliyechoka aweza kusahihisha insha arobaini kwa usiku mmoja, kwa sababu zote zafanana. Zaanza kwa kusema kwamba maji ni uhai, na zamalizika kwa kuiomba serikali ichimbe visima.

Muhula mmoja, katika shule ambayo hatutaitaja, tuliitoa insha hiyo wakati bomba la shule lilikuwa limekauka. Bomba kubwa la barabarani lilikuwa limepasuka, na kwa muda wa siku tisa hatukupata hata tone. Ikawa hapana budi maji yatoke kwenye chemchemi iliyoko bondeni, mwendo wa robo saa kushuka na karibu nusu saa kupanda, bila kuhesabu foleni. Jikoni walihitaji maji ya uji na ya maharage. Vyoo navyo vilihitaji maji. Basi kila asubuhi, kipindi cha kwanza, wasichana walitumwa na madumu ya manjano ya lita 20, na wavulana wakabaki darasani. Hapana aliyeandika amri hiyo, na hapana aliyeiuliza. Sisi wenyewe, tuliokuwa zamu, tulisimama mlangoni na kusema, "Wasichana, chukueni madumu," kwa sauti ile ile tunayosemea, "Fungueni vitabu."

Siku ya insha wavulana walijaza kurasa mbili mbili. Msichana mmoja, aliyerudi kutoka bondeni dakika kumi kabla ya kengele, alileta karatasi yenye sentensi moja tu: "Maji ni mazito." Tulimpa alama 3 kati ya 20, na pembeni tukaandika kwa wino mwekundu, "Haikukamilika." Tulipomwuliza kwa nini hakuendelea, alijibu kwa adabu, "Samahani, mwalimu. Nilitaka kuendelea, lakini mkono ulikuwa bado unatetemeka."

Yalipita majuma mawili kabla hatujaona kwamba, katika insha zote arobaini, ile moja tuliyoikata alama ndiyo iliyosema jambo ambalo mwandishi wake alilijua. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa sahihi. Hoja ilikuwa ya kweli. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na dumu la lita 20, ukiongeza na dumu lenyewe, lapita kilo 20. Jamaa ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 tu kwa siku, kiasi ambacho ni kidogo sana, yahitaji madumu sita, yaani kilo 120 za maji kila siku ya Mungu, Jumapili na Idi zikiwamo. Wala hakuna namna ya kuyapunguza. Unga waweza kukaushwa, kuni zaweza kupasuliwa, nguo zaweza kukunjwa, maji hayakandamiziki. Ama unayabeba yote, ama unakwenda bila.

Tumeichukua sentensi ile kuwa mada ya makala haya, na swali letu ni hili: maji yanapokuja yenyewe nyumbani mwa mtu, ule uzito wake umekwenda wapi? Na yeye ambaye hakuubeba, je, ana deni lolote?

LUGHA YAJUA ZAIDI YETU

Kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, yafaa tuanze kwa kuisikiliza lugha. Kwanza, neno maji halina umoja. Hakuna *ji moja ambalo mtu aweza kulishika na kusema, "Hili ni langu." Maji hutujia katika wingi, na katika wingi hubaki. Pili, sifa aliyoitumia msichana yule, -zito, ina maana mbili ambazo kila Mswahili huzisikia kwa pamoja. Kuna mzigo mzito, na kuna neno zito, yaani neno ambalo halisemwi ovyo wala halipuuzwi.

Tatu, tutazame vitenzi. Maji ya kisimani tuna vitenzi vingi vya kuyasemea: kuteka, kuchota, kujitwika, kutwikwa, kutua. Vyote vina mtu ndani yake. Kitenzi kutwika, hasa, kina watu wawili. Maana aliyejaza mtungi hadi ukingoni aweza kuuinua hadi magotini, lakini kuufikisha kichwani hutaka mwenziwe amsaidie. Ndiyo sababu kisimani watu hungojana. Yule wa mwisho kubaki peke yake yuko taabuni, kwani amewatwika wenziwe wote na hapana aliyesalia wa kumtwika yeye.

Sasa tusikilize maji ya bomba. Hapa twasema, "Maji yametoka," au, "Maji yamekatika," au, "Leo maji hayakuja." Mtendaji ni maji yenyewe. Yule mama aliyekuwa mtenda wa sentensi, "Mama ameteka maji," ametoweka, na hakuna mtu aliyewekwa mahali pake. Neno bomba lenyewe tulilipata kwa Wareno, na kwao lilikuwa na maana ya pampu, chombo kinachosukumwa kwa nguvu hadi maji yapande. Katika Kiswahili chetu maana hiyo ipo bado, lakini tunapotaja bomba la nyumbani hatufikirii tena msukumo wowote. Twafikiria mwanya tu ambao maji hupitia. Kusukuma kumesahauliwa, aliyekuwa akisukuma amesahauliwa naye.

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mambo ya sarufi, wala si ya maadili. Sisi twaona kwamba yana uhusiano. Mtoto aliyezaliwa penye bomba hujifunza sentensi ambazo ndani yake maji hutoka bila mtu, kabla hajajifunza kufikiri. Akifika umri wa kufikiri, ataona ni jambo la kawaida kabisa kwamba yeye anywe na asiwepo aliyebeba. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Naam, lakini katika methali hiyo mwenzio walau anaonekana. Unamwona akipita na kanda lake, na unajidanganya kuwa ni jepesi. Kwenye bomba hata kanda hulioni.

MAJI YABEBWAYO NA MAJI

Tumfuate basi yule asiyeonekana. Maji ya Kampala, kwa sehemu kubwa, hutoka Ziwa Viktoria. Mtambo wa kwanza wa kuyasafisha ulijengwa Ggaba, ukingoni mwa ziwa, kati ya miaka 1928 na 1930. Wa pili ulifuata 1992, na wa tatu 2007. Huko maji hutegwa, hutiwa dawa ili taka zigandane na kuzama, huchujwa, hutiwa klorini, kisha husukumwa na pampu kupanda kilima cha Muyenga. Juu ya kilima hicho yamejengwa matangi makubwa, na kwa sababu hiyo watu wa mjini hukiita kilima cha matangi. Kutoka huko maji hushuka yenyewe, kwa uzito wake mwenyewe, hadi kwenye mabomba ya majumbani.

Tafadhali tulitafakari jambo hilo kidogo. Maji yanayotoka bombani kwa nguvu hutoka kwa nguvu kwa sababu ni mazito, na kwa sababu yaliinuliwa kwanza. Uzito ule ambao msichana wetu aliupandisha kwa shingo yake ndio uleule unaoyasukuma maji katika bafu la mwenye nyumba. Haukutoweka. Umebebwa na pampu, na pampu hizo huendeshwa kwa umeme. Na umeme wa Uganda, kwa sehemu kubwa, hutoka Mto Naili, katika mabwawa yaliyoanza na lile la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa 1954, na mengine yaliyofuata hadi lile la Karuma lililozinduliwa 2024. Yaani maji ya ziwa yanayoporomoka Jinja ndiyo yanayoyainua maji ya ziwa hilohilo pale Ggaba. Maji hubebwa na maji.

Na si maji tu. Yuko aliyechimba mtaro wa kulazia bomba kwa sururu. Yuko fundi anayeamshwa saa nane za usiku bomba likipasuka, akaingia katika tope hadi kiunoni. Yuko anayelinda mtambo, anayepima dawa, anayesoma mita. Wako walipa kodi waliotoa fedha za kujenga, na wengi wao hawajawahi kuwa na bomba nyumbani mwao. Wako pia wajukuu wetu, ambao watalipa mikopo iliyokopwa ili kujenga baadhi ya mitambo hiyo. Basi jibu la sehemu ya kwanza ya swali letu limepatikana. Uzito wa maji haupotei. Unahama tu, ukatoka kwenye shingo moja inayoonekana, ukagawanywa juu ya mabega mengi yasiyoonekana.

Hapa yatupasa tujihadhari na kosa moja ambalo waandishi wa makala kama haya hulifanya mara nyingi, nalo ni kukisifu kisima. Sisi hatukisifu. Mwenye kusifu maisha ya kisimani kwa kawaida hajabeba dumu tangu utoto wake. Chemchemi za mabondeni mwa Kampala, zilizozungukwa na nyumba na vyoo vya shimo, zimeleta maradhi mengi, na kipindupindu kimewaua watu katika mabonde hayo zaidi ya mara moja. Bomba ni jambo jema. Wema wake mkubwa ni huo wa kumwezesha mtoto asahau maji, afikirie hesabu. Kwa hiyo hatusemi kwamba kusahau ni dhambi. Twasema kwamba kusahau kuna kipimo chake, na mtu akipita kipimo hicho huanza kudhani kwamba yeye haumgusi mzigo wowote, na kwamba aubebaye ameumbwa kwa kazi hiyo.

BURE, BEI, NA HAKI

Zipo kauli tatu ambazo husikika kila watu wanapojadiliana juu ya maji, na kila moja ina ukweli wake.

Ya kwanza ni kwamba maji ni kipaji cha Mungu, kwa hiyo ni bure. Katika pwani yetu fikra hii ina mizizi mirefu. Kumwekea mpita njia mtungi wa maji na kata ya kuchotea ni sadaka iliyojulikana tangu zamani. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kutoka 1870 hadi 1888, alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi iliyoko nje ya mji hadi mjini, na watu wakayateka bila malipo. Na wema huo umekumbukwa kuliko mengi mengine aliyoyafanya. Katika Tanzania, mwaka 1971, serikali ilijiwekea lengo kwamba kufikia 1991 kila mwanakijiji apate maji safi karibu na nyumbani kwake, mwendo usiozidi mita 400, na maji ya vijijini yalitolewa bila malipo. Lilikuwa lengo la heshima, na hatuna haki ya kulicheka. Lakini pampu ziliharibika na vipuri havikupatikana, mafuta ya kuziendeshea nayo yakawa adimu. Na mwaka 1991 ulipofika, mamilioni ya watu walikuwa bado kisimani. Baadaye, sera ya maji ya 2002 iliwataka wanavijiji wenyewe wachangie gharama na kuiendesha miradi yao. Somo tulipatalo hapa ni kwamba mvua ni bure, lakini pampu si bure. Anayesema maji ni bure, pasipo kusema ni nani atakayenunua kipuri, amemtwika mtu mwingine bila kumtaja.

Kauli ya pili ni kwamba maji ni bidhaa, na kila mtu alipie anachotumia. Nayo ina ukweli wake, kwani kitu kisicho na bei hutumiwa ovyo na chombo chake hakitengenezwi. Lakini hebu tutazame nani hulipa nini. Mwenye bomba nyumbani hulipa ankara yake mwisho wa mwezi kwa bei iliyopangwa na shirika. Asiye na bomba hununua dumu moja moja kwa jirani au kwa mchuuzi wa baiskeli, na kila mkono ambao maji yamepitia huongeza bei yake. Hata mwisho wake, lita moja ya maskini inakuwa ghali kuliko lita moja ya tajiri. Zaidi ya hayo, maskini hulipa mara ya pili, kwa saa zake. Mwaka 1972 Gilbert White, David Bradley na Anne White walichapisha kitabu juu ya matumizi ya maji majumbani katika Kenya, Uganda na Tanzania. Watafiti wengine walirudi katika sehemu zilezile baada ya miaka 30 hivi. Waliyoyakuta yasikitisha: wenye mabomba walikuwa wakipata maji machache kuliko zamani, maana mabomba yenyewe yalikuwa hayategemeki, na wasio na mabomba walikuwa wakitumia muda mrefu zaidi kuyatafuta. Bei ya saa hizo haimo katika ankara yoyote.

Na saa hizo ni za nani? Taarifa za Umoja wa Mataifa zilizotolewa 2023 zasema kwamba, duniani kote, katika nyumba zisizo na maji uani, nyumba 7 katika kila 10 kazi ya kuyateka ni ya wanawake na wasichana. Kwa hiyo mlango wa darasa letu, siku zile tisa, haukuwa mlango wa shule moja tu.

Kauli ya tatu ni kwamba maji ni haki. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuyatambua maji safi na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 ziliunga mkono, nchi 41 hazikupiga kura upande wowote, na hapana hata moja iliyopinga. Sisi twalikubali azimio hilo kwa moyo wote. Lakini tukiwa walimu twaona kwamba neno haki, peke yake, latuambia tu ni nani apewe. Halituambii ni nani abebe. Haki ya mmoja kunywa yamaanisha wajibu wa mwingine kuinua. Na pale ambapo wajibu huo haukugawanywa hadharani, hugawanywa gizani, na gizani mzigo humwangukia yule asiye na sauti ya kuukataa.

Hivyo kauli zote tatu, bure, bei, na haki, zina upungufu mmoja: kila moja yaweza kusemwa na mtu aliyekaa kitini huku mwingine akipanda mlima. Sentensi ya msichana yule haiwezi kusemwa hivyo.

MAJI YAENDAYO

Hatujamaliza, kwa sababu maji yanayotiririka hayana mwanzo tu. Yana na mwisho. Tukishafunga bomba, maji tuliyokwisha yatumia huteremka kupitia tundu la sinki, nasi huona kwamba habari yake imekwisha.

Katika Kampala sehemu kubwa ya maji machafu na ya mvua huingia katika mfereji wa Nakivubo, unaokatiza mjini. Mfereji huo humwaga maji yake katika kinamasi cha mafunjo, na kinamasi humwaga katika Ghuba ya Murchison ya ndani. Na ghuba hiyo ndiyo iliyo na mitambo ya Ggaba. Yaani mji wetu hunywa katika birika lilelile ambamo huoshea miguu. Kwa miaka mingi mafunjo yalitufanyia kazi ya kuyachuja maji hayo, bila mshahara wala shukrani. Nasi tukayalipa kwa kukifukia kinamasi kidogo kidogo, tukalima na kujenga juu yake. Kwa kadiri maji ya ghuba yalivyozidi kuchafuka, ndivyo dawa na gharama za kuyasafisha zilivyozidi. Na miongoni mwa sababu za kujenga mtambo mpya wa Katosi, wilayani Mukono, ni kuyafuata maji yaliyo safi zaidi mbali na ghuba hiyo. Kumbe tulipodhani tumeutua uzito wetu, tuliuweka tu mahali ambapo tungerudi kuuinua tena, ukiwa umeongezeka.

Wala jambo hili si la Kampala peke yake. Wenzetu wa Burundi na Rwanda wanaosoma jarida hili wajua kwamba vyanzo vya Mto Kagera vimo katika vilima vyao. Ni kweli kwamba maji mengi ya Ziwa Viktoria hutokana na mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Hata hivyo, katika mito yote iingiayo ziwani, Kagera ndio mkubwa. Udongo unaochukuliwa na mvua katika shamba la mlimani huko juu husafiri pamoja na maji, ukapita mipaka ambayo haikuuliza pasi. Na sisi wa ziwani tuna watu chini yetu vilevile, kutoka Jinja hadi Misri. Hakuna aliye juu tu. Hakuna aliye chini tu. Kila mmoja ni jirani wa juu kwa mtu fulani, naye ana jirani wa juu yake.

Katika mapokeo ya Kiislamu imesimuliwa kwamba Mtume alimwonya sahaba wake asifuje maji katika kutawadha, hata kama yuko kando ya mto unaotiririka. Tumewahi kuulizwa na wanafunzi: ikiwa mto wapita na maji hayatapungua, ubaya wa kuyafuja uko wapi? Ni swali zuri. Sisi twajibu kwamba agizo hilo halikuupima mto, lilimpima mtu. Anayefuja penye wingi amejizoeza kutoona. Na asiyeona penye wingi hataona penye uhaba, kwa kuwa macho hayafunguliwi kwa siku moja.

DENI

Sasa tuirudie sehemu ya pili ya swali. Je, ambaye hakubeba ana deni?

Yuko atakayesema: nimelipa ankara yangu, sidaiwi. Kwa kiasi fulani amesema kweli. Amelipa sehemu ya gharama za mtambo. Lakini hakuulipa mto, wala hakuyalipa mafunjo, na saa za yule aliyepanga foleni kwa sababu bomba lilipita mtaani pake bila kusimama, hizo hakuzilipa. Mwingine atasema: basi nitashukuru. Shukrani ni jambo jema, lakini shukrani peke yake ni rahisi mno. Sisi nasi, siku zile tisa, tuliwashukuru wasichana. Tuliwaambia, "Asanteni sana, watoto wazuri," tukanawa mikono kwa maji waliyoyaleta, tukaingia darasani kuwafundisha wavulana.

Kwa maoni yetu deni hili lina sehemu tatu, na zote ni za vitendo. Ya kwanza ni kujua: mtu ajue maji yake yatoka wapi, yapandishwa na nani, na yaenda kwa nani. Asiyejua hawezi kudaiwa na dhamiri yake. Ya pili ni kutofuja, kwa sababu kila ndoo imwagikayo ilikwisha kuinuliwa na mtu. Ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni kukubali kutwikwa zamu yetu ikifika. Bomba likikatika, uzito wote uliokuwa umetawanyika hurudi kwa ghafula na kudai bega. Hapo ndipo tunapojulikana. Ni rahisi kuwa mwadilifu maji yanapotoka. Swali ni nani tunayemtazama yanapokauka.

Sisi tulimtazama nani, tumekwisha kusema. Baadaye tulifungua daftari la mahudhurio la majuma yale mawili. Tulikuta kwamba wasichana wa kidato cha pili walikosa vipindi saba vya kwanza, na katika kila nafasi mwalimu wa zamu alikuwa ameandika neno moja: "Hayupo." Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo, nasi tuliitimiza methali hiyo kwa kalamu zetu wenyewe. Wasichana wale walikuwapo. Walikuwa mlimani, wakituletea maji ya kunawia chaki.

Alama za insha ile hazikubadilishwa, maana orodha ilikuwa imekwisha kupelekwa kwa mkuu wa shule tulipotambua kosa letu. Tulichoweza kufanya tulikifanya. Tulimwita msichana yule tukamwomba radhi, naye akaona haya na kusema, "Hakuna neno, mwalimu," kama watoto wetu walivyofundishwa kuwajibu wakubwa. Hatukutua. Bomba lilipokatika tena mwaka uliofuata, tuliandika zamu ukutani: wasichana, wavulana, na walimu, kila mmoja dumu lake, baada ya vipindi na si wakati wa vipindi. Walimu wawili walinung'unika. Siku ya kwanza mmoja wetu alifika juu akiwa amemwaga nusu ya dumu lake njiani, na wanafunzi wakacheka, nasi hatukuwakataza. Uji ulichelewa kwa saa moja. Hapana aliyekufa.

Walimu wenzetu, makala haya hayatoi amri kwa mtu yeyote. Yaomba jambo dogo tu. Siku maji yatakapokatika shuleni kwako, kabla hujaenda kulalamika ofisini, simama kwanza mlangoni mwa darasa uone ni nani anayeinuka kuchukua madumu, na ni nani aliyemwambia ainuke. Kisha fungua daftari la mahudhurio uangalie umeandika nini mbele ya jina lake. Na ukitoa insha juu ya maji, akatokea mwanafunzi wa kukuletea sentensi moja, usiharakishe kuandika kwamba haikukamilika.